Tumbo Langu na Mto wa Bi Ingrid

Mmeniuliza njiani, mmeniuliza msikitini hata viatu sijavaa, na mmoja wenu, simtaji, kaniuliza dirishani nikiwa naoga. Kila mmoja nimempa kipande chake. Vile vipande mmeviunga huko barazani, mkapata hadithi ambayo ndani yake nimekunywa sumu, nimelala jela na nimeoa. Basi nimeamua kuandika niisome mara moja, tumalize. Sumu sikunywa. Jela sikuiona. Na hiyo ya tatu, Bi Zuhura mke wangu anataka kujua nani kaianzisha.

Mnanijua, mie ni mtu wa kwangu. Bububu kwangu ni safari. Nikishuka tu huuliza gari la kurudi saa ngapi. Nungwi nimekwenda mara moja, kwa maziko, na watu wakasifu nilivyomlilia marehemu, kumbe nikiililia nyumba yangu. Nafanya kazi ofisi ya maji, kweli, lakini maji yenyewe nayaona ndooni kama nyinyi. Kazi yangu ni kupokea malalamiko ya mifereji iliyokauka na kuyajibu kwa adabu.

Ilipokuja nafasi ya mtu mmoja kwenda Uswidi, Ulaya kule juu, kuangalia wenzetu wanavyotumia fedha za serikali kufufua mto uliokufa, ilikuwa aende mkubwa wangu. Mkubwa akashikwa na mgongo. Aliyemfuatia akawa anaoza binti. Aliyebaki mwenye Kiingereza cha sekondari ni mie.

Nilipomwambia Bi Zuhura alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Mto unafufuliwa kwa fedha?"

"Ndivyo walivyosema."

"Na maiti je, bei gani?"

Mkunazini hadi Dar es Salaam

Sitawachosha na habari za kutafuta hati na kupigwa sindano. Nianze pale nilipofunga sanduku, au tuseme alipolifunga Bi Zuhura, maana mie nilikuwa nimekaa kitandani nikitafuta ugonjwa. Alitia vileja vya kula njiani, akatia kanzu, akatia chupa ya pilipili ya kusaga akaifunga kwa kitambaa mara mbili.

"Zuhura, nnakwenda kazini, siendi kupika."

"Nakujua weye. Ukiikosa pilipili huwa kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Nshaitia. Usiitoe."

Nilikuwa na koti la baridi la kuazima, zito kama godoro. Kwa kuogopa kulipoteza nililivaa. Nililivaa melini, nikatapika nalo. Nililivaa Dar es Salaam kwenye uwanja wa ndege, ambako tuliambiwa ndege imechelewa, kisha imechelewa sana, kisha hawakutuambia kitu tena. Jasho likanitoka mpaka viatu vikawa vinalia. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Moshi anayekwenda kumwangalia binti yake, muuguzi huko Ulaya. Akanitazama kwa huruma.

"Kaka, una homa?"

"La, mama. Nna koti."

"Livue basi."

"Nikilivua nitalisahau."

Akafikiri, kisha akalishika lile koti upande wa mkono wake. "Vua. Nitakukumbusha." Nikalivua, akalishika hivyo mpaka jioni, kama mtu aliyemshika mbuzi wa mwenzake mnadani. Ndege ilipokuja tukagawana vileja vyangu na mayai yake ya kuchemsha, na chakula cha ndegeni tukakitazama tu, kwa kuwa mie sikujua ile nyama ni ya nani na yeye hakupenda ilivyolala. Tuliagana kwenye uwanja wa pili. Sikumuuliza jina. Mpaka leo najilaumu, maana lile koti ndilo lililonifikisha mzima.

Treni na bwana mmoja

Kutoka mji mkuu wao hadi kule mtoni ni treni, saa nyingi, katikati ya miti iliyosimama sawasawa kama watoto wa shule mstarini. Katika kijumba chetu cha treni tulikuwa wawili, mie na bwana mmoja wa makamo mwenye kofia. Nikamsalimu. Akaitika kwa kichwa. Nikamuuliza hali yake. Akasema nzuri. Nikamuuliza na watu wa nyumbani. Akanitazama, akatazama mlango, akanitazama tena.

Nikajua: kafiwa. Mtu anayeulizwa watu wa nyumbani akanyamaza namna ile, ana msiba. Basi nikamstahi. Nikanyamaza naye kama tunavyokaa matangani, nikavuta uso wa huzuni, na kila tukipita kituo nikimtikisia kichwa kidogo, kama kusema, dunia ndivyo ilivyo. Mwisho nikampa kileja. Akala taratibu, akapangusa masharubu.

Kituoni kwake akasimama, akavaa kofia, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Ahsante sana," akasema. "Siku nyingi sijazungumza hivi na mtu."

Kwa Bi Ingrid

Mwenyeji wangu alinipokea kituoni. Bi Ingrid ni mama mrefu, wa umri wa mama yangu, nywele nyeupe kazifunga nyuma, na mabuti ya mpira miguuni. Nusura nimwambie shikamoo. Kwa vile Kiingereza hakina shikamoo nikainama tu, naye akadhani nimeangusha kitu, akainama kunisaidia kutafuta. Nyuma yake alisimama mumewe, Mzee Sven, mikono mifukoni. Aliwahi kuwa baharia na Kiingereza anakijua, ila hakitumii ovyo. Siku nzima ile alinambia maneno mawili: "Karibu" na "Viatu", maana niliingia navyo ndani.

Nyumba yao iko ukingoni mwa mto. Mto, jamani! Mnajua wetu ulivyo. Mto wa Unguja ukitembea kidogo huchoka, ukazama chini ya mawe, usionekane tena. Huu wao ulikuwa unakwenda, unakwenda tu, mchana kutwa, na hakuna aliyekuwa akiuteka. Hapana ndoo, hapana madumu, hapana mtu anayefua. Nikastaajabu. Maji yote yale, na mwenyewe hakuna.

Chakula wakaniletea samaki. Nikafurahi; samaki najua. Nikatia kinywani. Wallahi, samaki mbichi, katiwa siki, kisha katiwa sukari! Nikamzungusha mdomoni kama mtu anayetafuta pa kushukia. Bi Ingrid akaniuliza kama ni mtamu. Nikasema kweli tupu: "Mtamu mno." Akaniongeza.

Baada ya kahawa, na wale watu kahawa wanainywa kuliko nyinyi, akaniambia habari ya mto. Alikulia hapo. Utotoni waliogelea, wakavua, mama yake akafua humo. Kisha kule juu kikajengwa kiwanda cha ngozi. Maji yakageuka rangi, samaki wakaelea tumbo juu, watoto waliocheza majini wakatoka vipele na homa. Basi kila mama akamfundisha mwanawe kuuogopa mto kama tunavyowafundisha wetu kuogopa moto. Kiwanda kikafilisika, kikaondoka, uchafu kikauacha.

"Nani wa kuusafisha?" akasema. "Mwenye kiwanda hana kitu. Kijiji hakina uwezo. Nikasema, mto ni wa watu wote, basi na watu wote waulipie. Nikaiandama serikali miaka na miaka. Wenzangu wakanipa jina, Ingrid wa Matope."

Serikali ikatoa fungu la kusafisha upande wa chini, pale nyumbani kwake. Tope likazolewa, kingo zikapandwa miti, samaki wakaanza kurudi. Sasa limebaki bwawa la juu, pale kilipokuwa kiwanda, na bila ya hilo kazi ya chini itaharibika yote, uchafu utateremka tena. Kesho yake alikuwa anakuja mkaguzi kutoka mji mkuu, Bwana Lindqvist, kuamua kama serikali itoe fungu la pili.

"Akikataa?"

Akaonyesha nje kwa kikombe. "Wapo hapa wanaosema fedha za kodi zisitupwe matopeni. Wanataka mto utiwe ndani ya bomba la saruji, ufukiwe, juu yake ipite barabara. Mkutano ni keshokutwa."

Nilitoka nikautazama. Nami nilikuja na kichwa cha Bi Zuhura, nikijiuliza serikali gani inaupa mto mshahara. Lakini mama mtu mzima akikuambia wanataka kumfukia mtu wake akiwa hai, utasema nini?

Saa nne za usiku jua lilikuwa bado linanitazama. Nilikaa dirishani nikiingoja magharibi kama mtu anayengoja meli ambayo hakuambiwa inatoka bandari gani.

Mtoni

Bwana Lindqvist alikuwa mwembamba, mpole, miwani imeteremka puani. Kijiji kizima kilifuatana naye ukingoni, wanaoutaka mto na wasioutaka. Alichota maji katika vichupa, akaandika, akachota tena. Bi Ingrid akamfuata akieleza, sauti ikimtetemeka. Vipimo vya mwanzo wa majira, akasema, vilitoka vizuri. Mkaguzi akaitikia kwa kichwa. Mambo yalikuwa mazuri.

Adhuhuri ikaingia.

Sasa nisikilizeni msinicheke. Nyinyi mmesoma Kurani chuoni kama nilivyosoma mie. Mwalimu alitufundisha maji ya udhu kwa bakora: yasibadilike rangi, wala ladha, wala harufu. Nikayatazama: safi, mpaka mawe ya chini yanaonekana. Nikayanusa: hayana kitu. Maji yanakwenda, na mie mgeni wa ofisi ya maji. Nikasogea kando, nikavua viatu na soksi, nikakunja suruali, nikachutama, nikatia udhu.

Sikuwa na habari kwamba nyuma yangu watu wamenyamaza. Nikaosha viganja. Nikachota nikasukutua, kwa bidii, kama alivyotufundisha mwalimu, maana ladha utaijuaje usiposukutua? Na kwa kuwa jua lilikuwa kali na maji matamu, yale ya mara ya tatu nikayameza.

Mwanamke mmoja akapiga ukelele. Nikageuka, ndevu zinachuruzika. Watu wote wamesimama kama waliopigwa picha. Kina mama wamewavuta watoto wao nyuma. Bi Ingrid kaweka mkono mdomoni.

"Bwana Khamis," akasema polepole, "umekunywa?"

"Kidogo tu. Mazuri sana."

Hapo ndipo nilipofahamu. Mama huyu kaupigania mto ule nusu ya umri wake, na watu wake wanaupenda au wanauchukia, lakini tangu siku za kiwanda hakuna hata mmoja, naye mwenyewe akiwemo, aliyewahi kuugusa kwa kidole. Bwana Lindqvist akavua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaniandika.

Jambo la plamu

Chakula cha usiku siku ile kilikuwa viazi, na yule samaki wa sukari, na maziwa yaliyogandishwa. Kila nikitia tonge kinywani, wenyeji wangu wote wawili wananitazama koo. Bi Ingrid kila mara: "Unajisikiaje?" Najisikia vizuri, mama, ila nina njaa ya chakula chenye maana. Nikaomba ruhusa nipunge upepo bustanini.

Bustanini pana mti. Una matunda mfano wa zambarau, ila makubwa. Wao huyaita plamu. Wakati wake ulikuwa bado, yalikuwa kijani kibichi, magumu kama mawe. Mate yakanijaa. Mtu wa Unguja akiona tunda bichi gumu, anaona nini? Hamnijibu, maana nanyi mate yamewajaa. Nikarudi jikoni nikachukua chumvi. Nikapanda chumbani nikachukua chupa ya Bi Zuhura. Nikateremka nikachuma, nikakaa chini ya mti, nikakata, nikatia chumvi na pilipili, nikala. Lo! Tangu nitoke nyumbani sijala kitu kikanijua kama kile. Nikala mpaka meno yakafa ganzi.

Asubuhi tumbo likaamka kabla yangu.

Sitaeleza. Inatosha kusema choo cha nyumba ile kiko mwisho wa ukumbi, na ule ukumbi niliujua kwa urefu na mapana. Mara ya kwanza Bi Ingrid alinisikia. Mara ya pili alikuwa amekaa kwenye ngazi, mikono magotini. Mara ya tatu akaja daktari.

Daktari, bwana mnene mwenye mikono ya baridi, akanibonyeza huku na huku, akaniuliza nimekula nini. Nikamtajia viazi, samaki, maziwa. Plamu sikuzitaja. Mtu mzima, mgeni wa serikali, anasemaje kwamba kaingia bustanini usiku kuchuma matunda mabichi ya mwenyeji wake? Niliona haya. Nikasema litapita. Daktari akatikisa kichwa, akaniamuru nilale, akateremka.

Mkutano

Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa shule, ng'ambo ya njia. Kwa dirisha nilisikia sauti zao ila lugha sikuifahamu. Niliisikia ya Bi Ingrid mwanzoni, kisha nikasikia za wengine, kisha yake sikuisikia tena.

Mlango ukafunguliwa. Mzee Sven, mikono mifukoni.

"Wanasema mto umekuuma," akasema.

Nikakaa kitako.

"Mkaguzi anasema vipimo vizuri. Lakini mtu kanywa, mtu kaugua. Hawezi kuiambia serikali itoe fedha za watu kwa mto unaowatia watu maradhi." Akatazama dirishani. "Ingrid hasemi kitu. Wataufukia."

Kwa Mzee Sven hiyo ilikuwa hotuba. Nikamwona midomo inamcheza. Haya zangu zote nikaziona si kitu.

"Mzee," nikamwambia, "mto hauna kosa. Nimekula plamu zenu."

"Hazijaiva."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Kwa chumvi na pilipili."

Akanitazama. Sijui alikumbuka bandari gani ya ujana wake.

"Vaa viatu," akasema.

Nikaingia ukumbini nimevaa koti la kuazima juu ya nguo za kulalia. Watu wakageuka. Nikasema niliyokuwa nayo, Bi Ingrid akifasiri, na kadiri alivyofasiri sauti yake ikawa inapanda. Nilidhani watashangilia. Wakamgeukia mkaguzi.

Bwana Lindqvist akatabasamu kwa huzuni. "Mgeni wetu ni muungwana. Anamstiri mwenyeji wake."

"Simstiri! Nimekula, wallahi!"

Daktari akainuka. "Plamu mbichi hailiki. Hata nguruwe hawaili."

"Nguruwe simjui, daktari, wala hatujuani," nikamwambia. "Lakini kwetu mwanafunzi yeyote anayetoka shule anajua kuila embe mbichi. Leteni plamu nikuonyesheni."

Mzee Sven alikuwa keshatoka. Alirudi na bakuli limejaa, na kibakuli cha chumvi. Ile chupa ilikuwa mfukoni mwangu. Naijua nafsi yangu. Nikakaa mbele ya meza ya mkutano, mbele ya serikali yao, nikakata ya kwanza. Nilikuwa sina hamu nayo hata chembe. Tumbo likaniambia, Khamis, umerudi tena? Nikala. Nikala ya pili. Watu wa nyuma wakasimama waone. Ya nne Bwana Lindqvist akanyoosha mkono, akasema kazi yake ni kukagua. Nikampa kipande, na pilipili yake kidogo. Akatafuna mara moja. Uso ukamjikunja wote ukakutana puani, machozi yakamtoka chini ya miwani, na alipopata pumzi akasema neno moja la kwao ambalo Bi Ingrid alikataa kunifasiria.

"Basi," daktari akasema, "mto leo hajaugusa. Tungoje."

Wakangoja! Wakaleta kahawa. Mama yangu alinilea kwamba tumbo ni siri ya mtu na Mola wake, na sasa kijiji kizima cha watu wazima, na mkaguzi, na daktari mwenye saa mkononi, wamekaa wanalingojea tumbo la mtu wa Mkunazini liseme. Wale wa barabara upande huu, wale wa mto upande ule. Na Bi Ingrid hakunywa kahawa. Alikaa ananitazama, macho yake hayakuomba kitu, yalikuwa yamechoka tu. Ndugu zangu, sijawahi kumwomba Mungu jambo kama nililomwomba siku ile.

Likanguruma. Lilinguruma mpaka waliokaa mlangoni wakalisikia. Bi Ingrid hakulifasiri, halikuhitaji mkalimani. Nikainuka nikakimbia, nikakipata choo cha shule kwa rehema tu, na huku nimeufunga mlango nikasikia makofi. Nimeishi umri wangu wote sijapigiwa makofi, na nilipopigiwa sikuweza kutoka.

Daktari akaja kugonga. "Ni kama la asubuhi?"

"Ndiyo!"

"Sawasawa, au zaidi?"

"Daktari, jamani!"

Niliporudi, Bwana Lindqvist alikuwa bado anajipangusa macho. Akasema, na Bi Ingrid akanifasiria akishika meza: tumbo moja si ushahidi kwamba mto ni mzima. Lakini basi halikuwa ushahidi asubuhi kwamba ni mgonjwa. Habari yangu anaifuta, atakwenda na vipimo peke yake, na vipimo ni vizuri.

Kabla ya kuondoka

Safari ya kurudi sitaisimulia. Anayerudi kwao hana safari, ana haraka tu. Nitawapa la mwisho.

Siku ya kuondoka kwangu, sanduku liko mlangoni, simu ikalia. Bi Ingrid akasikiliza, akasema ndiyo, akasema ahsante, akaiweka. Serikali imetoa fungu la pili. Bwawa la juu litasafishwa, bomba halitakuwepo. Nilitegemea atacheka au atalia. Akatoka nje tu, na mabuti yake, akashuka mpaka ukingoni. Tukamfuata mie na Mzee Sven, na majirani waliosikia wakatoka mmoja mmoja, hata wale wa barabara.

Akavua mabuti. Akavua soksi. Akasimama kidogo, miguu myeupe kama haijawahi kuona jua. Kisha akaingia. Mpaka magotini, mpaka kiunoni, sketi ikamwelea pande zote. Akageuka akatuita. Sikuhitaji kujua lugha.

Hakwenda mtu. Majirani walitabasamu, wakapiga makofi kutoka mbali. Mama mmoja, bila ya kujua, alikuwa kamshika mwanawe bega. Bi Ingrid akamwita mumewe kwa jina.

"Naona vizuri toka hapa," Mzee Sven akasema, mikono mifukoni.

Nikamwona mama yule, kasimama katika mto alioupata, peke yake, na mkono aliokuwa akituitia unashuka polepole. Serikali yao inaweza kulipia tope lizolewe, inaweza kulipia miti. Hofu waliyotiana wenyewe kwa wenyewe, ya mama kwa mwana, nani atailipia?

Treni yangu ilikuwa karibu. Mie, mnajua, siwezi kuogelea, na mtu wa pwani asiyejua kuogelea hapendi ijulikane. Nikavua viatu. Nikakunja suruali. Nikaingia na koti.

Yalikuwa ya baridi ya kuua. Udhu niliutia kwa viganja tu, tena kwenye jua la adhuhuri, sikujua kwamba huko kwenye mapaja maji yale yana meno. Nikapiga ukelele wa kuamsha mtaa, nikamrukia Bi Ingrid nikamshika mkono, naye akacheka, akacheka mpaka akanishikilia mie, tukawa tunashikiliana tusianguke. Na kule ukingoni nikasikia kicheko kingine, kizito, cha mtu asiyekizoea. Nikatazama. Mzee Sven alikuwa ametoa mikono mifukoni. Alikuwa ameinama, anafungua kamba za viatu.